Waliorudi Mlimani Baada ya Moto

Moto uliounguza mlima wetu uliwashwa na kaka yangu, na mimi nilimwona akiuwasha.

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, wakati ambapo Ufipa yote imekauka na upepo wa mchana hauna adabu. Nilikuwa nimerudi nyumbani, upande wa Mollo, mwaka mmoja kabla, ndoa yangu ya Kirando ilipovunjika. Nilirudi na cherehani na sanduku moja la nguo. Mama alikuwa ameanza kupoteza macho. Aliona mwanga na vivuli, basi. Kaka, mzaliwa wa kwanza, alikaa na mke wake katika nyumba ya pili ya ua uleule. Walikuwa hawajajaliwa mtoto. Hivyo tulikuwa wanne tu pale.

Nilikuwa nashonea barazani, na baraza letu linatazama mlima. Wageni wangeuita kilima. Ulikuwa umefunikwa na vichaka vizito kuanzia juu ya kijito hadi karibu na kilele: miti mifupi iliyojikunja, mikusu, miiba, na nyasi katikati. Huko ndiko tulikopata kuni, uyoga, makusu, matunda ya mikusu, ya kula na ya kuuza, na mizizi ambayo mama aliijua kwa kuinusa.

Siku ile nilimwona kaka juu kule, kwenye ukingo wa shamba lake jipya la ulezi, ameinama kwenye lundo la magugu. Moshi mwembamba ukasimama. Sikushtuka, maana kila mtu kwetu huchoma magugu. Nikaendelea na sare zangu za shule. Nilipoinua kichwa tena, upepo ulikuwa umegeuka, na kaka alikuwa akikimbia huku na huku na tawi bichi, anaipiga ardhi kama mtu anayepigana na nyoka.

Baada ya hapo hakukuwa na cha kupiga. Moto uliingia vichakani na kuanza kuunguruma. Mama alitoka ndani akipapasa ukuta.

"Ni nini kinalia hivyo?"

"Moto, mama. Mlimani."

"Juu ya kijito au chini?"

"Juu. Vichakani."

Alitafuta kigoda kwa mguu, akakaa, akaugeuzia mlima uso kama anayeota jua. Mwewe walikuwa wameshafika. Sijui huwa wanatoka wapi. Dakika moja anga tupu, dakika nyingine wako kumi, kumi na tano, wanapita ndani ya moshi na kunyakua panzi wanaokimbia. Nilimwambia mama kuhusu mwewe.

"Hao ndio wa kwanza siku zote," alisema.

Mlima uliwaka siku moja na nusu. Watu walipanda na matawi na majembe, wakaokoa mashamba ya chini, lakini vichaka vyote vikaisha. Siku ya tatu mlima ulikuwa mweusi kama sufuria, na vumbi la majivu likawa linaingia ndani ya nyumba, kwenye maji, kwenye unga, hadi kwenye sare nyeupe nilizokuwa nimeshona.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano. Aliuliza mara tatu nani aliwasha. Kaka alikuwa amesimama nyuma ya wanaume wenzake, mikono ameificha nyuma. Nilijua ina malengelenge. Mwenyekiti alipotazama upande wetu, mimi nilitazama viatu vyangu. Mtu mmoja akasema huenda ni warina asali, mwingine akasema ni wapita njia, na mkutano ukaisha hivyo. Tukirudi nyumbani kaka alitembea mbele yangu bila kugeuka. Sikumwambia nilichokiona, naye hakuniuliza.

Jioni ile mama alitusimulia mimi na wifi jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alisema mlima ule ule uliwahi kuungua akiwa msichana mdogo, hajapata hata komunyo ya kwanza. Alikuwa na mdogo wake wa kike aliyefuatana naye kila mahali.

"Mlima ukiungua haufi," alisema. "Unarudi. Ila hauwarudishi wote pamoja. Wanarudi kwa zamu. Watakuja maua kabla ya mvua. Halafu majani, na swala wadogo wa kula majani. Halafu nyasi, nyingi kuliko zilizokuwapo. Nyasi zikizaa mbegu, watakuja panya. Na panya wakishajaa, watakuja wanaowafuata."

"Paka?" wifi aliuliza, anacheka.

"Nyoka. Kifutu," mama alisema. "Vichaka vikiwepo, kifutu anakaa huko na shughuli zake. Vichaka vikiungua na panya wakahamia mashambani, naye anahamia mashambani. Mdogo wangu aliumwa wakati wa kuvuna. Alikaa siku mbili, akafa. Msitie mkono mahali ambapo jicho halijatangulia. Nawaambia mimi ambaye sina jicho."

Wifi alinitazama akanikonyeza. Tulipotoka nje alisema, "Mama anaota, wifi. Mambo ya zamani hayo." Nikacheka naye. Lakini tangu siku ile sikuweza kuutazama mlima kama mtu anayetazama mlima. Nikawa natazama zamu.

Haikupita wiki mbili, mvua ikiwa bado kabisa, maua yakatoka. Nilipanda juu na wifi kutafuta kuni zilizoungua nusu, na tukayakuta yamechomoza moja kwa moja kutoka kwenye majivu, bila jani hata moja, shina tupu na kichwa chekundu cha mviringo ukubwa wa ngumi. Yalikuwa mengi sana kwenye weusi ule. Wifi alichuma moja akaliweka sikioni. Mimi nilitaka kushuka.

"Yametoka?" mama aliuliza tulipofika, kabla hata hatujamwamkia.

"Shikamoo, mama. Yametoka."

"Mekundu?"

"Mekundu."

Aliitika marahaba na kurudi kwenye rozari yake.

Kisha visiki vikaanza. Vile vichaka nilivyodhani vimekufa vilikuwa vimekufa juu tu. Chini mizizi ilikuwa hai, na kando ya kila kisiki cheusi yakachomoza machipukizi mekundu mekundu, laini, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Kwa mbali mlima ulionekana kama una upele. Funo, wale swala wadogo wa vichakani, wakaja kula. Zamani ungekaa mwaka mzima bila kumwona funo. Ungesikia tu anachakarisha. Sasa walikuwa wanasimama peupe mchana, hawana pa kujificha, na wanaume wakawafuata na mbwa. Wiki moja nyama ilipikwa karibu kila nyumba. Wiki iliyofuata hapakuwa na funo tena. Kaka hakwenda kuwinda. Alisema ana kazi shambani, lakini nilimwona mara nyingi amekaa tu kwenye ukingo wa shamba, mgongo ameupa mlima.

Mvua za Novemba zilishusha majivu. Kijito kilikuwa cheusi siku kadhaa, halafu kikawa chekundu kwa udongo, na wanawake tukalazimika kwenda mbali kuchota. Huko juu, sehemu yenye mteremko mkali, ambako kaka alikuwa amerundika miti aliyoikata alipofyeka shamba lake na moto ukakaa muda mrefu, hapakuchipua kitu ila majani ya aina moja tu, yale yanayotoka yamejikunja kama mkia wa kinyonga na hata mbuzi hawayali. Kwingine kote nyasi zilipanda. Kufika Februari zilikuwa zinanifika kifuani. Katekista alipita nyumbani akasema, "Tazameni Mungu alivyo mwema, mlima umekuwa wa kijani kuliko mwanzo." Mama aliitikia amina kwa sauti ndogo.

Na kweli ulikuwa mzuri. Ndicho kilichonisumbua. Kila mtu aliyepita barabarani alisimama kuusifu, na mimi nikiwa pale kwenye cherehani nilikuwa nahesabu zamu kwenye vidole: maua, majani, swala, nyasi.

Machi nyasi zilizaa mbegu. Nikaanza kuona kipanga mdogo mweupe, yule anayesimama hewani akipigapiga mabawa mahali pamoja. Mwanzo alikuwa mmoja. Baadaye wakawa wanne, kila mmoja na kipande chake cha mlima. Bundi wa nyasini nao wakaanza kutoka kabla jua halijazama na kukaa kwenye nguzo za uzio wetu, wanatutazama. Watu waliingiwa na hofu. Bundi kwenye ua si habari njema kwa mtu yeyote. Jirani mmoja alileta maji ya baraka akanyunyiza. Mama alisema bundi hana neno na mtu.

"Bundi anakula," alisema. "Swali ni anakula nini."

Alikuwa anakula panya. Panya walikuwa kila mahali. Ukitembea shambani ulisikia ardhi inakimbia. Walipanda mahindi yakiwa yamesimama, wakaguguna vichwa vya ulezi, wakaingia kwenye kihenge, wakatafuna hata mkanda wa cherehani yangu. Kaka alitega mitego na kila asubuhi alitupa waliokufa nyuma ya choo. Alikuwa amekonda. Wifi alisema ni mavuno yanayomtia wasiwasi. Mimi nilidhani najua ni nini, na nilikuwa na nafasi nyingi za kumwambia, "Kaka, nilikuona, tulizungumze." Sikusema. Nilijiambia kwamba nikisema nitamvunjia heshima. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwa mtu wa pili anayejua.

Mama alitutengenezea kila mmoja wetu fimbo. Alizichonga kwa kupapasa, barazani, kisu kikikwaruza siku nzima. "Kila fungu la mabua, gonga kwanza. Gonga, subiri, gonga tena." Siku za kwanza za kuvuna tuligonga. Siku ya nne tulikuwa tumechoka, na ukichoka unaona aibu kugonga mabua kama mwendawazimu huku majirani wanakutazama.

Ilikuwa mwezi wa Mei, saa nne asubuhi, jua zuri, baridi ya Ufipa ikiwa inaanza kuachia. Kwetu tunakata mabua na kuyasimamisha mafungu mafungu, kisha tunapita fungu kwa fungu kumenya mahindi. Wifi alikuwa mbele yangu hatua kama tatu. Fimbo yake ilikuwa imelala kwenye kikapu. Yangu pia. Alikuwa ananisimulia habari ya harusi moja ya mjini ambako chakula kilikwisha kabla wageni hawajafika, na tulikuwa tunacheka. Akainama, akaingiza mkono wa kulia chini ya fungu kuvuta hindi lililoanguka.

"Aah, mwiba," alisema.

Akatoa mkono akautazama. Ndipo nilipoisikia sauti kutoka ndani ya mabua, nzito, ndefu, kama ya mtu anayepuliza moto uliogoma kuwaka. Tuliisikia wote wawili. Wifi akanitazama. Uso wake ulikuwa bado una kicheko, kilikuwa hakijapata muda wa kuondoka.

"Wifi," alisema taratibu, "siyo mwiba."

Nilipiga kelele nikimwita kaka. Alikuja mbio kutoka upande wa pili wa shamba, na nilipomwambia alipiga magoti palepale, akafunua mabua kwa jembe. Kifutu alikuwa amejikunja pale, mnene kama mkono wa mtu, hana haraka yoyote. Kaka alimtazama tu. Ilibidi nimvute shati.

"Mwache! Mke wako, kaka!"

Majirani walikuja na ushauri wao. Mmoja alitaka kumfunga mkono kwa kamba, mwingine alikwenda kutafuta jiwe la nyoka la kubandika. Mama, aliyekuwa ameongozwa hadi shambani na mtoto wa jirani, alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hatubandiki kitu. Tulibandika kwa mdogo wangu. Mpelekeni hospitali sasa hivi." Bodaboda ikaja, wakapanda mshikaki, wifi katikati, kaka nyuma, mkono tayari umevimba hadi kwenye kiwiko na ngozi inang'aa. Nilibaki na mama kati ya mafungu ya mabua. Alikuwa amenishika mkono kwa nguvu hadi ukauma.

"Ulikuwa umegonga?" aliuliza.

"Hapana, mama."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Hospitalini mjini walikuwa nayo dawa ya sumu. Muuguzi alituambia kuna majuma ambayo haipatikani, na kwamba wale waliotangulia kuumwa na nyoka mwezi ule, wote kutoka vijiji vya pembeni mwa mlima wetu, hawakuwa wote na bahati. Nilimsikia vizuri aliposema pembeni mwa mlima wetu. Kaka naye alisikia. Aliketi kwenye benchi la korido, viganja juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza niliyaona makovu ya malengelenge yale, meupe, yameenea hadi kwenye vidole.

Wifi hakufa. Siku tano hatukujua. Mkono ulikuwa mweusi, na wakaukata ngozi kuupunguzia uvimbe, na mwishowe wakaondoa vidole viwili, cha mwisho na kinachokifuata. Siku ya sita aliomba uji. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe, kaka amesimama miguuni mwa kitanda.

"Nina neno," alisema kaka.

"Sema," wifi alijibu.

"Ule moto. Ni mimi."

Nilitazama uji. Wifi alimeza alichokuwa nacho mdomoni.

"Najua," alisema. "Nguo zako nilifua mimi. Shati lilikuwa na matundu ya cheche mgongo mzima."

Kaka akaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Mbona hukusema?"

"Nilikungoja useme wewe." Kisha akanigeukia. "Na wewe wifi, unakaa barazani kutwa unatazama kulekule. Usiniambie hukuona."

Watu watatu tulikuwa tumekula sufuria moja miezi minane, kila mmoja amefumbata jambo lilelile kivyake. Kaka alilia palepale wodini, mbele ya wagonjwa wa watu, na wifi akamwacha alie. Hakumbembeleza. Alinyoosha mkono wa kushoto akachukua kikombe kwangu akamalizia uji mwenyewe.

Siku wifi aliporuhusiwa, kaka alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hata hajafika nyumbani. Kulikuwa na mkutano mwingine. Yalisemwa maneno mazito; mwanamume mmoja aliyemzika mama yake mwezi uleule kwa sababu ya kifutu alisimama, akamtazama kaka muda mrefu, akatoka, na hadi leo hawajasalimiana. Kaka alipewa kazi ya kusafisha kinga ya moto kuuzunguka mlima wote, na kuzuia ng'ombe wasipande hadi vichaka vikue. Hakuipinga. Anaifanya mpaka sasa, na muda aliopangiwa ulikwisha zamani.

Kwa hiyo yeye ndiye anayetuletea habari za mlima. Mwaka wa pili alisema machipukizi yameshapita nyasi na kuanza kuzifunika. Panya walipungua, si ghafla, bali kama maji yanavyopungua kwenye ndoo iliyotoboka. Vipanga wakabaki wawili, halafu mmoja. Nyuki walirudi. Mikusu imechipua kutoka kwenye mizizi, mifupi, ina majani mapana, lakini haijazaa bado. Vifutu, anasema, watakuwa wamerudi vichakani. Anasema watakuwa, hasemi wamerudi. Wifi huvuna kama zamani, ila siku hizi ndiye anayegonga kuliko mtu yeyote, na anagonga hata kikapu chake mwenyewe kabla hajaingiza mkono.

Mama huniuliza mara moja moja kama kuna funo. Namwambia bado.

Lakini ile sehemu ya mteremko mkali, palipokuwa na marundo, haijarudi. Kaka alipanda miche huko mara mbili, na mara mbili mvua iliing'oa. Alinichukua kwenda kuona baada ya mvua za kwanza za msimu huu. Alinionyesha mizizi ya vichaka vya zamani, ambayo juu yake hakikuchipua kitu. Aliivuta kwa vidole viwili ikatoka ardhini imeoza, nyepesi kama pamba. "Hii ndiyo iliyokuwa imeshika udongo," alisema. Hatua chache juu yake ardhi imepasuka. Ufa si mpana. Kiganja changu kilisimama ndani yake. Unakwenda upande kwa upande, kama mtu aliyepiga mstari kwa jembe, na ndani yake unasikia maji yanapita.

Chini ya pale kuna nyumba mbili. Mwenyekiti amepanda, ameuona ufa, amewaambia wahame kabla ya masika. Familia moja imekwenda kwa ndugu zao upande wa barabara. Ya pili wamesema watahama wakishavuna, masika yakiwa yamepita. Jana nimepita kwao kupeleka sare za watoto, nikawakuta wanaezeka jiko jipya.